Mkaguzi wa Mzani, Njia ya Liboi

Mkaguzi hakupenda kuitwa injinia. Alisema injinia ni yule anayejenga barabara na kuondoka, na yeye ni yule anayebaki nayo inapozeeka. Sisi tuliofanya kazi chini yake tulimwita Mkaguzi. Madereva walimwita Mzee wa Mzani, na mama yangu, ambaye alimwona mara mbili tu, alimwita yule mtu wako wa barabara. Jina lake nalijua vizuri. Silitaji kwa sababu nina hakika asingependa.

Nilikuwa karani wake kwa miaka minne. Kituo chetu hakikuwa jengo. Kilikuwa hema la turubai kando ya lami inayotoka Garissa kwenda Dadaab na kuendelea hadi Liboi mpakani. Tulikuwa na meza moja, viti vitatu na mzani wa kubebeka: vibao vya chuma ambavyo magurudumu ya lori hupanda, ekseli moja baada ya nyingine, yaani mhimili mmoja na magurudumu yake, na waya unaopeleka uzito kwenye mashine ndogo yenye kioo. Mimi nilisoma namba na kuzijaza kwenye fomu. Konstebo Kioko, kijana wa Kitui aliyependa kuimba akiwa zamu, alisimamisha malori na kutulinda. Mkaguzi alifanya mengine yote, na jioni alitia sahihi chini ya kila fomu.

Kitu ambacho mgeni angekiona kwanza ni kwamba alikuwa akipiga magoti. Kila asubuhi kabla hatujafungua mzani, alitembea kidogo upande wa mjini, akarudi, akatembea kidogo upande wa Dadaab. Kila baada ya hatua kadhaa alipiga magoti na kuweka kiganja juu ya lami, kama mtu anayempima mtoto homa. Siku moja dereva mmoja wa Wajir alimwona, akasimamisha gari, akashuka na kumwambia kwa upole kwamba kibla kiko upande mwingine. Mkaguzi, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alimshukuru. Akamwambia haswali, anatafuta nyufa, maana nyufa ndogo hazionekani kwa macho ya mtu aliyesimama.

Mimi nilikuwa msichana wa mtaa wa Iftin niliyezaliwa na kukulia Garissa, na sikuwahi kufikiria kwamba barabara inaweza kuwa na afya. Kwetu lami ilikuwa kitu cha serikali. Ikija, imekuja. Ikiharibika, unapita kando kwenye mchanga. Mkaguzi ndiye aliyenifundisha kuiangalia. Alinionyesha kwamba saa saba mchana, jua la Garissa likiwa kichwani, lami hulainika hata kizibo cha soda ukikikanyaga kwa kisigino kinazama. Saa hiyo lori lililozidisha mzigo likipita, magurudumu yake yanaacha mfereji. Leo hauoni kitu. Baada ya miezi unaona njia mbili zilizodidimia, mvua ikinyesha maji yanatuama humo, yanatafuta ufa, yanaingia chini. Kilicho chini kikishalowa, basi.

"Barabara haihesabu magari," alikuwa akisema. "Inahesabu ekseli, na kila ekseli imebeba nini."

Ilikuwa sentensi yake ya kila siku, na madereva walikuwa wakimwigiza. Lakini iliyofuata ndiyo iliyowashinda kuamini. Aliwaambia kwamba ukiweka mzigo mara mbili juu ya ekseli moja, madhara hayawi mara mbili. Yanakaribia mara kumi na sita. Dereva mmoja alimwuliza hiyo kumi na sita imetoka wapi, kama si kwenye kichwa chake. Mkaguzi hakukasirika. Aliomba ngozi kavu ya mbuzi iliyokuwa juu ya mzigo wa yule dereva, akaitandaza juu ya mchanga, akamwambia aikanyage kwa unyayo wote. Ngozi ikakaa. Akamwambia asimame juu yake kwa kisigino kimoja na kujizungusha. Ngozi ikazama na kukunjamana, na mchanga ulio chini ukakimbilia pembeni.

"Ngozi haijafanya kosa," Mkaguzi alisema. "Imekosa kitu cha kuishika. Lami ni hiyo ngozi. Mkiweka mzigo wote kwenye ekseli ya nyuma, mnajizungusha kwa kisigino kutoka hapa mpaka Liboi."

Yule dereva alicheka, akapanda gari, na mara iliyofuata alikuja amepanga magunia yake mbele na nyuma. Si wengi walioelewa haraka hivyo.

Alikuwa na sababu nyingine ya kuipenda lami nzima, ambayo hakuisema kwa sauti mbele ya madereva. Aliniambia mimi na Kioko tukiwa chini ya hema. Kwenye njia za mchanga, mtu mbaya anaweza kuchimba popote na kufukia bomu, na hakuna atakayejua mpaka gari lipite. Kwenye lami isiyo na ufa, ni vigumu. Lazima avunje, na palipovunjwa panaonekana.

"Lakini shimo likishakuwepo," alisema, "amesharahisishiwa kazi. Anaweka kitu chake, anarudisha udongo, na sisi tunadhani ni shimo lile lile la jana."

Kioko aliacha kuimba. Tangu siku hiyo, kila tulipokwenda kazini asubuhi na gari letu likapunguza mwendo mbele ya shimo, nilijikuta nimeshika kiti kwa mikono miwili. Mkaguzi alikaa kiti cha mbele akitazama mbele tu. Tuliamini kwamba haogopi chochote. Watumishi wengine wa kutoka huko chini, kama tunavyowaita wanaotoka ng'ambo ya mto Tana, waliomba uhamisho kila palipotokea shambulizi. Walimu waliondoka, wauguzi wakaondoka. Yeye alibaki. Alisema barabara haiwezi kuomba uhamisho.

Lakini sitaki msomaji adhani alikuwa mtu aliyenyooka kama rula. Alikuwa amejaa mambo yasiyopatana. Aliwapa madereva hotuba ndefu juu ya mwendo wa kasi, na yeye mwenyewe akishika usukani Kioko alikuwa akitaja majina ya watakatifu wote anaowajua. Alisema kupima ndiyo njia pekee ya kujua ukweli, na zahanati ilipokuja kupima wafanyakazi afya, alikataa katakata kupanda mzani. Alikula peke yake, nyuma ya gari, na hakumkaribisha mtu. Lakini nilipokosa kazini siku tatu kwa malaria, alimtuma Kioko nyumbani na ndoo ya maembe, na kikaratasi kilichoandikwa kwamba fomu zangu zimejazwa vibaya na watu wasiojua kuandika, nipone haraka.

Alisema pia kwamba mzani hauna huruma na hautakiwi kuwa nayo. Halafu ukaja ukame. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala pande zote za barabara, na boza la maji, yaani lori lenye tangi, likafika kituoni likiwa limejaa kupita kiasi. Nilisoma namba na kumwonyesha. Alitazama kioo, akatazama boza, akatazama akina mama waliokuwa wamekaa juu na mitungi yao. Aliniambia niandike namba kama ilivyo. Kisha akaandika chini, kwa mkono wake, kwamba ameruhusu lipite na kwamba ni yeye aliyeruhusu. Akaingia kwenye gari letu na kulifuata boza hadi lilikokwenda, akishuka kila mahali kuangalia limefanya nini. Alirudi jioni, uso umejaa vumbi.

Kwa hiyo nilijua kwamba huruma ilikuwa na mlango wake pale kituoni. Mlango huo ulikuwa ni kumwambia. Nalisema hili ili ieleweke kwamba nilichofanya baadaye sikukifanya kwa kukosa njia nyingine.

Kaka wa mama yangu, ambaye sisi tunamwita abti, alikuwa na lori. Alilinunua kwa jasho la miaka mingi, na alilipenda kuliko alivyolipenda gari lolote alilowahi kuendesha kwa ajili ya wengine. Alipeleka saruji Liboi na kurudi na mifugo. Mwaka ule wa ukame, jamaa zetu walioishi karibu na mpaka walipoteza karibu kila mnyama. Abti alipakia saruji ya mteja wake kama kawaida, na juu yake akaongeza mahindi ya jamaa. Alikuja nyumbani asubuhi, akanywa chai amesimama, akaniambia kwa Kisomali kwamba leo atapita mzanini na anajua mimi ndiye ninayeandika.

Mama alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua kichwa. Nilimwambia abti amweleze Mkaguzi kuhusu mahindi, kama wale wa boza.

"Kwa boza aliona maji," abti alisema. "Kwangu ataona saruji."

Alifika kituoni jua likiwa kali. Mkaguzi alikuwa upande wa pili wa barabara, ameinama chini ya lori lingine akihesabu matairi. Ekseli za nyuma za abti zilipopanda vibao, namba iliyotokea kwenye kioo ilinifanya nishike meza. Nikatazama nje. Abti alikuwa ameshika usukani, ananitazama kupitia kioo cha pembeni. Hakunipungia mkono wala kuniomba kwa ishara. Alinitazama tu kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo nikivuka barabara kwenda madrasa.

Kama gari likikutwa limezidi, mzigo wa ziada ulishushwa kando ya barabara. Mahindi yangebaki kwenye mchanga, abti angekaa kuyalinda, na jamaa wangesubiri. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Niliandika namba nyingine. Kioko akainua kizuizi. Lori likaondoka polepole, na nakumbuka jinsi lilivyoguna lilipopanda mwinuko mdogo mbele yetu.

Jioni Mkaguzi alitia sahihi kwenye fomu zote bila kuzisoma. Alikuwa ameacha kuzisoma zamani, kwa sababu zilikuwa zangu.

Mbele ya kituo chetu, mwendo wa kama nusu saa kwa gari kuelekea Dadaab, palikuwa na kalavati, yaani bomba kubwa la zege linalopitisha maji ya mvua chini ya barabara. Siku chache baada ya lori la abti kupita, lami juu ya kalavati ile ilididimia upande mmoja na kufanya shimo la ukubwa wa karai. Mafundi wakalijaza kifusi kusubiri matengenezo. Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, gari la polisi lilipunguza mwendo pale ili lipite polepole juu ya kifusi, na kilichokuwa kimefukiwa humo kikalipuka.

Kioko alikuwa ndani. Siku hiyo walikuwa wamemchukua kwetu kwenda kusindikiza watu wanaopeleka mitihani shuleni. Dereva hakufika hospitali. Kioko alifika, na alikatwa mguu wa kulia juu ya goti.

Tulikwenda kumwona, mimi na Mkaguzi. Alikuwa amelala amegeukia ukuta. Mkaguzi alisimama pale kwa muda mrefu kofia yake ikiwa mkononi. Kisha akaniambia turudi kazini. Tulipofika hakupiga magoti barabarani. Alikaa mezani, akaivuta ile mashine ya mzani, na kuanza kubonyeza vitufe.

Sikuwa nimewahi kujua kwamba mashine ile inahifadhi namba zake yenyewe. Alizisoma moja moja na kulinganisha na fomu. Nilikaa mbele yake. Ningeweza kusema kabla hajafika, na sikusema. Nilisikia malori yakipita bila kupimwa na nilitamani mojawapo lisimame, dereva ashuke na kuanza ugomvi, chochote kile. Alipofika kwenye fomu ya abti, aliweka kidole juu yake.

"Hii ni nani?"

"Ni abti. Ni mjomba wangu."

"Uliisoma vibaya?"

Alinipa mlango, nadhani. Alikuwa ameuacha wazi kidogo ili nipite.

"Hapana," nikasema. "Niliisoma vizuri."

Alitikisa kichwa taratibu, akafunga fomu. Nilimwuliza kama shimo lile lilitokana na lori la abti. Akaniambia nirudi nyumbani.

Nilidhani barua ya kufukuzwa kazi ndiyo itakayofuata. Badala yake, kesho yake mchana alikuja mwenyewe Iftin. Wakati huo mtu wa kutoka huko chini hakutembea peke yake katika vichochoro vya mtaa wetu. Mwezi ule ule watu wawili wasio wa kwetu walikuwa wamepigwa risasi sokoni. Niliposikia hodi na kuchungulia, nikamwona amesimama mlangoni na shati lake la kazi, nilimvuta ndani kwa mkono, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mwanamume yeyote asiye wa familia.

Abti alikuwa ndani. Mama naye. Mkaguzi alivua viatu, akasalimia, akakaa mahali alipoonyeshwa.

"Nimekuja kuwaambia nitakachoandika," alisema, "kabla hamjakisikia kwa watu. Nitaandika kwamba lori lilizidi. Nitaandika kwamba binti yenu alibadilisha namba. Na nitaandika kwamba mimi nilitia sahihi bila kusoma. Sitaandika kwamba lori hili ndilo lililovunja kalavati, kwa sababu sijui."

Abti alijibu kwa Kiswahili chake, ambacho kila p ndani yake ilikuwa b.

"Wewe nakuja nyumba ya dada yangu kusema mimi nimeua bolisi?"

"Sijasema hivyo, mzee."

"Watu nakufa na njaa haba. Wewe nabima gari. Kila siku nabima, nabima. Nani nabima njaa?"

Nje palikuwa na watu. Habari ya mgeni ilikuwa imeshaenea, na nilisikia sauti za vijana zikikaribia ukuta wetu. Mama alizisikia pia. Alimtazama kaka yake.

"Njaa sina mzani wake," Mkaguzi alisema mwishowe. "Lakini ungeniambia, ningeshuka nikaiangalia. Hukuniambia. Uliutumia mkono wa mtoto wako."

Niliona uso wa abti ukibadilika. Alisimama, na mimi nikasimama, kwa sababu sikujua anakwenda wapi. Alikwenda mlangoni, akasema maneno machache makali kwa wale vijana, akawaambia kwamba huyu ni mgeni wake. Kisha akamgeukia Mkaguzi.

"Kunywa chai," alisema. "Baadaye mimi nabeleka wewe."

Mkaguzi alikunywa chai. Alipomaliza, walitoka pamoja, na niliwatazama kutoka dirishani wakitembea bega kwa bega katikati ya kichochoro, abti upande wa kulia walikokuwa wale vijana. Alimfikisha hadi barabara kubwa na kusubiri mpaka gari likaja.

Nilifukuzwa kazi. Abti alizuiwa kupeleka mizigo kwenye njia ile, akauza lori na kununua dogo la kubebea mchanga mjini. Mkaguzi alihamishwa akapelekwa dawati la ofisi mahali fulani huko chini, na nilisikia kwamba aliomba kubaki na wakamkatalia. Kwa miaka kadhaa nilimchukia. Nilijua hakukosea, na hilo ndilo lililofanya nimchukie zaidi. Mtu aliyekosea unaweza kumsamehe. Yule aliyesema kweli juu yako unakutana naye kila unapojitazama.

Baadaye nilirudi kwenye kazi hii kwa mlango wa nyuma. Kampuni iliyopata kazi ya kutengeneza kipande cha barabara huko Mandera ilitafuta mtu anayejua Kisomali na anayeweza kuandika taarifa za kila siku za mzigo, kifusi na ukaguzi. Niliwaambia mapema kwamba nilifukuzwa na kwa nini. Meneja alisema anajua. Alikuwa amempigia simu mkubwa wangu wa zamani, Mkaguzi. Nilimwuliza alisema nini. Meneja akasema aliambiwa hivi: alidanganya mara moja, na alipoulizwa hakudanganya mara ya pili.

Nilikuwa Kutulo, kwenye kipande hicho cha Mandera, mwaka wangu wa tatu katika kazi ile, nilipomwona Mkaguzi tena. Alikuja na kundi la wataalamu waliokuwa wakikagua njia. Alikuwa amestaafu na walikuwa wamemwomba ushauri wa siku chache. Alikuwa amekonda, na mkono wake wa kushoto ulitetemeka kidogo. Wenzake walipokwenda kumsalimia chifu, alibaki akakaa nami kwenye kivuli cha kontena tunalotumia kama ofisi. Nikampa maji. Aliuliza habari za mama, kisha za abti, nikamwambia abti ni mzima na analima vitunguu kando ya mto. Nikamwambia Kioko ana duka la simu kwao Kitui na kwamba hunitumia salamu. Alisema anajua. Alikuwa akimtembelea kila Krismasi.

Nilijua kwamba sitapata nafasi nyingine. Nikamwuliza tena swali lile. Kalavati ile, ilivunjwa na lori la abti?

"Sijui," alisema. "Barabara haiuawi na lori moja. Lile huenda lilikuwa la mwisho, huenda halikuwa."

Nilidhani amemaliza.

"Kalavati ile nilikuwa nimeiona," akasema. "Wiki moja kabla ya mjomba wako kupita. Nilikuwa narudi kutoka Dadaab na dereva wa ofisi, nikaona lami imekaa vibaya upande mmoja. Ilitakiwa nishuke, niingie chini, niangalie kama zege limepasuka. Nikamwambia dereva asimame. Akasimama. Kisha nikatazama vichaka vya pande zote mbili, na nikamwambia aendelee."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Alilisema bila kunitazama.

"Siku hiyo ningeweza kufunga upande ule wa barabara. Ningepeleka mafundi. Hakuna lori ambalo lingekanyaga pale, la mjomba wako wala la mwingine. Kwenye ripoti yangu niliandika jina lako, na la mjomba wako, na langu kwa sababu ya sahihi. Hili sikuandika. Kwenye fomu ya ukaguzi ya wiki ile niliandika kwamba kalavati ni nzima."

Nilimkumbuka amekaa kwenye mkeka wa mama, akitaja moja baada ya jingine atakayoandika, na sisi tukimwogopa kwa ajili ya unyofu wake. Nilitaka kumwambia aondoke. Nilitaka pia kumwambia kwamba mimi ningeogopa vile vile, kwamba hakuna mtu katika njia ile asiyeogopa. Sikusema lolote kati ya hayo. Nilimwuliza kwa nini ananiambia sasa.

"Kwa sababu nimesikia wewe ndiye unayejaza fomu za ukaguzi hapa," alisema. "Mtaogopa. Hamwezi kukosa kuogopa. Basi ukiogopa, usiandike kwamba umeangalia. Andika kwamba umeogopa. Anayekuja nyuma yako atajua ni wapi ambapo hapajaangaliwa."

Wenzake walirudi kutoka kwa chifu, wakampigia honi. Aliinuka kwa shida na nikamshika mkono mpaka garini. Alinishukuru kwa maji. Sikumwona tena.

Siku chache baadaye tulitumwa kukagua kalavati tatu upande wa kaskazini. Mbili tulizikagua. Ya tatu ilikuwa ndani ya bonde, wachungaji walituambia wameona nyayo za watu wasiowajua, na dereva wetu hakutaka kuzima injini. Hakuna aliyeshuka. Jioni nilikaa na fomu mbele yangu, kwenye nafasi ya maelezo, na nikaandika: Kalavati ya tatu haikukaguliwa. Tuliogopa kushuka.

Asubuhi meneja alinipigia kutoka makao makuu. Aliniuliza kama kweli nataka neno hilo libaki kwenye taarifa rasmi, au nibadilishe niandike kwamba hali ya hewa haikuruhusu.

Nikamwambia libaki.

Kisha akaniuliza tunahitaji askari wangapi ili tushuke, na saa ngapi tuwe tayari.